Kuganduka

Neno lao ni fupi, pumzi moja tu:
ulimi kati ya meno, kisha mdomo wazi.
Linaanza kama thawabu
likakatika kabla ya malipo.

Lavinia Stiles hulitumia kwa kuku.
Usiku humtoa kwenye friza,
humlaza juu ya sinia kando ya sinki,
na asubuhi humbonyeza kifuani kwa kidole gumba.
"Bado katikati," husema.
Katikati ndiko kunakochelewa siku zote.

Fundi hulitumia kwa mabomba,
amelala chali chini ya sakafu ya kanisa na moto wa gesi,
akitoa maneno ambayo sakafu ile haijayazoea.
Redio hulitumia kwa serikali mbili
zilizokubali kurudishiana mabalozi.
Na Hollis, akinyoosha mikono juu ya jiko la kuni,
hulitumia kwa maumivu,
maana kidole kilichokufa ganzi hakiumi.
Huuma kikirudi.

Sijui kama wao wenyewe wanaona
kwamba siagi kikaangoni hawaiiti hivyo,
wala mshumaa, wala sukari kikombeni.
Hivyo vina neno jingine. Hivyo vinayeyuka,
vinakwenda zao na umbo lao.
Kuku haendi popote.
Kwetu jambo hili limejificha mkiani mwa kitenzi:
funga, fungua; ziba, zibua; ganda, gandua.
Kairabu kamoja, na mlango umerudi ulikotoka.

Januari, Orrin Stiles alianguka zizini
akiwa na ndoo ya pumba mkononi.
Ardhi ilikuwa chuma, futi nne kwenda chini.
Sululu ya Dunham ilirudi na cheche.
Basi wakamlaza katika chumba cha mawe nyuma ya makaburi,
pamoja na Bi Prudence Cobb aliyefundisha hesabu
na kichanga cha siku mbili cha akina Tatro,
wote watatu wakingoja neno lile.

Kwenye fomu ya halmashauri,
mstari wa tarehe ya mazishi,
karani aliliandika kwa kalamu ya bluu, peke yake,
kana kwamba ni siku mojawapo ya juma.

Miezi mitatu Lavinia alikuwa mjane nusu.
Hakugawa nguo.
Viatu vya marehemu vilibaki mlangoni, vimetazama nje.
Februari alimlipia leseni ya kuvua samaki,
na karani yule yule akagonga muhuri, hakuuliza.

Machi ilidanganya mara mbili.
Paa zikadondoka, matope yakameza magurudumu,
watu wakafungua vifungo vya makoti,
kisha usiku mmoja kila kitu kikashikana tena
na nyayo za mbwa barabarani zikawa mawe.
Hata hilo lina jina: wanaliita la uongo,
na hakuna anayeshtakiwa.

Aprili tarehe kumi na tisa Dunham alipiga simu.
Alisema neno moja, akakata.

Hollis alikuja na koleo lake mwenyewe.
Miaka tisa hakukanyaga kwa nduguye,
kisa trekta la baba yao,
ambalo wala halikuwaka.
Alichimba bila glavu. Hakuna aliyemwambia kitu.
Udongo ulitoka mweusi, ukinuka kama chini ya chungu cha maua,
na kwenye kina cha kiuno wakakuta utepe mweupe,
unene wa kidole, baridi ya Januari ile ile.
Wakaupita.

Baadaye, jikoni, alisimama karibu na jiko
akikunja na kukunjua vidole, meno ameyauma.
Kuku alikuwa juu ya sinia.
Lavinia akambonyeza, akafuta kidole kwenye aproni.
"Bado katikati," akasema. "Lakini hadi saa moja jioni."
Hollis hakujibu, wala hakuondoka.
"Vinauma?"
Akavitazama vidole kama vya mtu mwingine.
"Ndiyo vinaanza."